Huo mstari wa hotuba yako

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu,

Habari za Bagamoyo, watoto hawajambo? Huku wazima, Bi Mkubwa analalamikia magoti tu. Naandika mbiombio maana Jumamosi imeshafika, na hotuba yako ya mdahalo ina mstari unaoninyima raha: "Nchi ikipokea wahamiaji wengi uchumi hukua, na kila mtu hutajirika." Nusu ya kwanza sawa. Ya pili, hapana.

Pato la taifa ni jambo moja, pato kwa kila kichwa ni jingine. Tazama Kanada: mwaka 2023 watu waliongezeka kwa asilimia 3 na ushei, karibu wote wahamiaji. Pato la taifa lilipanda, lakini kwa kasi ndogo kuliko watu. Ukigawa, fungu la kila mmoja limepungua! Nyumba nazo hazikutosha, kodi za pango zikapaa. Oktoba 2024 serikali yao ikashusha lengo la wakaazi wapya wa kudumu kwa mwaka 2025, kutoka 500,000 hadi 395,000.

Waeleze kwa mkonge, watakuelewa. Ongeza wakataji, mizigo ya majani itajaa. Korona je, ile mashine ya kutoa singa, yaani nyuzi, kwenye majani? Ni ile ile moja. Majani yakilala juani siku mbili yanakauka, singa zinang'ang'ania, zikitoka zina madoa. Na kilo 100 za majani hutoa kama kilo 4 tu za singa, kwa hiyo kila mzigo unaoharibika unauma. Lete korona ya pili, hapo kila mkataji ana faida.

Ila usije ukawafanya wageni maadui, tafadhali. Mkonge wetu ulikatwa na manamba, wale vibarua wa mkataba, wengine kutoka Rwanda, Burundi na Msumbiji. Na Florida, Marekani, mwaka 1980 walishuka Wakuba kama 125,000 kwa miezi michache, wengi wakabaki mji wa Miami, nguvu kazi ya mji ikaongezeka kama asilimia 7. Mchumi David Card alipochunguza, hakuona mishahara ya wenyeji ikishuka. Mchumi mwenzake George Borjas akampinga baadaye: aliwatazama wasiomaliza sekondari peke yao, akaona mishahara yao ilishuka. Wataje wote wawili.

Tena kijana wa miaka 25 anaingia akiwa ameshalelewa na kusomeshwa kwa gharama za kwingine, hiyo nayo ni faida kwa nchi inayompokea... basi, karatasi inaisha. Mstari ule andika hivi: "Uchumi hukua, lakini fungu la kila mtu hukua pale nyumba, mitambo na ajira zinapoongezeka pamoja na watu."

Utaubadilisha? Umepewa dakika ngapi? Mpinzani wako ni yule yule mwalimu wa hesabu? Na kitenge changu kiko kwako au kwa Da Mkubwa?

Wako,
Shoga yako wa Tanga