Taita ya 1:40 si idadi ya waliokingwa

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya ulichapisha habari ya utafiti wa chanjo ya homa ya mafua, ukasema chanjo hiyo "imewakinga" watu kadhaa katika kila mia waliochanjwa. Sisi tunaofanya kazi ya kupima seramu, yaani majimaji ya damu yaliyoondolewa chembe, tuliisoma sentensi hiyo tukajua ilikotoka. Mtafiti alihesabu watu ambao damu yao ilifikisha taita, yaani kiwango cha kingamwili, ya 1:40 baada ya chanjo, na habari ilipofika gazetini hesabu hiyo ikawa idadi ya waliokingwa. Hayo ni mambo mawili, na msomaji anayetaka kuamua kama ampeleke mama yake mzazi akachanjwe ana haki ya kuyajua yote mawili.

Kipimo chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1941 George Hirst, huko New York, aligundua kwamba majimaji ya yai la kuku lililopandwa virusi vya mafua yakichanganyika na damu, chembe nyekundu hushikana. Kinachozishika ni hemaglutinini, ile protini iliyochomoza juu ya kirusi, ambayo hiyohiyo ndiyo hutumika kung'ang'ania seli za koo na mapafu. Basi kama seramu ya mtu ina kingamwili zinazoziba kichwa cha hemaglutinini, virusi havitaweza kuzishika chembe nyekundu. Tunaizimua seramu hatua kwa hatua, kila hatua mara mbili ya iliyotangulia: 1:10, 1:20, 1:40, 1:80 na kuendelea, katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Uzimuaji wa kishimo cha mwisho ambacho kingamwili bado zinazuia ndio taita: 1:40 ni seramu iliyozimuliwa mara 40.

Ukiiona sahani utaelewa kwa nini tunasisitiza uangalifu. Kwa chembe za bata mzinga, tunasubiri dakika 30, kisha tunaiinamisha. Pale ambapo kingamwili zimezuia, chembe zilizokuwa zimetua chini ya kishimo huteremka kwa mstari mwembamba kama chozi shavuni. Pale ambapo hazikuzuia, chembe zimetanda na hazisogei. Baina ya hali hizo mbili kuna kishimo kimoja kinachoteremka nusunusu, na hapo wasomaji wawili hodari wanaweza kutofautiana. Ndiyo sababu kupanda kwa hatua moja, tuseme kutoka 1:20 hadi 1:40, hatukuhesabu kuwa mwitikio wa chanjo. Tunataka hatua mbili, yaani mara nne. Aliyekuwa chini ya 1:10 kabla ya chanjo, naye tunataka afikishe angalau 1:40.

Makosa yanayoharibu namba hiyo ni mengi, na mengi huipandisha. Seramu ya binadamu ina vitu visivyo kingamwili ambavyo navyo huziba hemaglutinini. Kuviondoa, sehemu moja ya seramu huchanganywa na sehemu tatu za kimeng'enya kinachotokana na bakteria wa kipindupindu, ikakaa nyuzijoto 37 usiku mzima, saa 18 hadi 20, kisha nyuzijoto 56 kwa dakika 30 ili kimeng'enya chenyewe kife, halafu zinaongezwa sehemu sita za maji ya chumvi. Kimeng'enya kikiwa kimepoteza nguvu kwa kuyeyushwa na kugandishwa mara kwa mara, mtu asiye na kingamwili hata moja ataonekana ana taita nzuri. Kiasi cha virusi nacho lazima kiwe vizio vinne vya nguvu ya kushikanisha chembe katika kila kishimo: vikiwa viwili taita huongezeka takriban maradufu, vikiwa vinane hupungua nusu. Tena sahani ikisahauliwa mezani, neuraminidezi, protini nyingine iliyo juu ya kirusi, hukata mshiko wa kirusi, chembe huanguka, nawe unadhani ni kingamwili zimefanya kazi. Kwa hiyo taita za maabara mbili zisilinganishwe mpaka ijulikane kwamba zilipimwa pamoja na seramu moja ya rejea.

Virusi vya H3N2, aina mojawapo ya mafua, vimetusumbua zaidi. Kwa miaka mingi sasa, vingi havishiki vizuri chembe za bata mzinga, hivyo tunatumia chembe za simbilisi na kuongeza dawa ya oseltamivir ili neuraminidezi isifanye kazi ya hemaglutinini ikatudanganya. Halafu kuna suala la yai. Kirusi cha H3N2 kikioteshwa kwenye mayai hubadilika ili kulizoea yai, na mabadiliko mengine hutokea palepale kichwani ambapo kingamwili hushika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kirusi cha chanjo kilichooteshwa kwenye yai kilikuwa kimepoteza sukari iliyofunika sehemu moja ya kichwa hicho, ilhali virusi vilivyokuwa vikiambukiza watu vilikuwa nayo. Seramu ya aliyechanjwa ikipimwa kwa kirusi cha yai hutoa taita ya kupendeza. Ikipimwa kwa kirusi kilichooteshwa kwenye seli, taita hushuka. Kwa hiyo mwandishi asipouliza ni kirusi kipi kilichowekwa kwenye sahani, hajajua alichoambiwa.

Sasa hiyo 1:40 ilitoka wapi? Chimbuko lake ni utafiti wa Hobson na wenzake wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 1972. Watu wazima waliojitolea walipewa virusi hai, na ikaonekana kwamba taita ya kati ya 1:18 na 1:36 ilipunguza maambukizi kwa nusu. Kwa nusu, Mhariri. Hata tukiichukulia 1:40 kwa uzito wake wote, haikuwa kamwe ukuta kati ya aliyekingwa na asiyekingwa. Kwa watoto wadogo ni dhaifu zaidi: uchambuzi wa mwaka 2011, kwa watoto wa miezi 6 hadi 72, uliona 1:40 ikienda na kinga ya asilimia 22 tu, na ili kufikia nusu ilihitajika 1:110.

Upande wa pili ni kwamba mtu anaweza kukingwa bila sahani kuonyesha chochote. Kipimo hiki kinaona kingamwili za kichwa cha hemaglutinini peke yake. Zile za shina lake hazionekani, za neuraminidezi hazionekani, seli T, yaani seli za kinga, hazionekani, na kingamwili za puani hazimo katika damu tunayoipima. Chanjo hai ya kupuliziwa puani imewakinga watoto katika majaribio ingawa taita zao za damu zilipanda kidogo tu. Tungeihukumu kwa 1:40 peke yake tungeitupa.

Kuna pia kumbukumbu ya mwili. Thomas Francis wa Marekani aliandika mwaka 1960 kwamba kirusi cha kwanza cha mafua kumpata mtu utotoni hubaki kikitawala majibu yake maisha yote. Aliyezaliwa miaka ya 1930 aliikuta H1N1, aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliikuta H2N2, na kuanzia 1968 ikaja H3N2. Ukimchanja mzee, seli B zake za kumbukumbu huamka kwanza. Siku ya 7 hivi seli zinazomwaga kingamwili huwa zimejaa katika damu, lakini sehemu ya kingamwili hizo huelekezwa kwa adui wa zamani kuliko kwa huyu mpya. Na aliyeanza na taita ya 1:160 mara nyingi hapandi mara nne, kwa hiyo ripoti humwandika "hakuitikia" wakati amekuja akiwa tayari na silaha. Tumeona habari zikisema chanjo imeshindwa kwa sababu hiyo tu, na zinatuumiza kama zile zinazoisifu kupita kiasi.

Mfano mzuri wa namna ya kuifuata namba mpaka mwisho ni chanjo ya dozi kubwa ya wazee: mikrogramu 60 za hemaglutinini kwa kila aina ya kirusi badala ya 15. Marekani iliiruhusu mwishoni mwa 2009 kwa sababu taita zilipanda zaidi. Ruhusa hiyo ilikuja na sharti la kuonyesha kwamba watu kweli wanaugua kidogo. Jaribio la watu karibu 32,000 wenye miaka 65 na zaidi lilichapishwa mwaka 2014, na mafua yaliyothibitishwa maabara yalikuwa machache kwa asilimia 24 kuliko kwa waliopewa dozi ya kawaida. Hapo neno "imekinga" linaruhusiwa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake. Damu ya utafiti huchukuliwa siku ya 21 hadi 28, wakati taita iko juu. Ulaya mtu huchanjwa Oktoba akakutana na kirusi Januari. Hapa karibu na ikweta mafua huonekana karibu kila mwezi, basi aliyechanjwa leo anaweza kuambukizwa baada ya miezi minane, taita ikiwa imeshashuka, na pengine kirusi chenyewe kimebadilika. Shirika la Afya Duniani hupendekeza virusi vya chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa kaskazini na Septemba kwa kusini, na habari ikitaja chanjo bila kusema ni ya pendekezo lipi, daktari wa hapa hawezi kuitumia. Na msishangilie taita za B/Yamagata, aina mojawapo ya mafua B, zilizomo katika tafiti nyingi: kirusi hicho hakijathibitishwa kuonekana tangu Machi 2020.

Tunaomba habari zijazo zitaje damu ilichukuliwa siku ya ngapi, taita ilikuwa ngapi kabla ya sindano, kirusi cha kipimo kilioteshwa wapi, na kama kuna aliyehesabu wagonjwa. Mtafiti mkweli atajibu yote hayo kwa simu moja. Na akisema watu kadhaa walifikisha 1:40, andikeni kwamba walifikisha 1:40.

Wenu,
Wapimaji wa seramu, maabara ya virusi