Kwa Salim: kanda niliyoikuta stoo

Mpendwa ndugu yangu Salim,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na shemeji na watoto. Sisi hapa Tanga hatujambo, alhamdulillah, na Mwalimu Kombo anakusalimu na kukukumbusha ile ahadi yako.

Kimya hiki kirefu nilikianza mimi. Uliponiandikia Aprili 2016, siku chache baada ya mwanamuziki Prince kufariki, ukanieleza jinsi watu wa Minneapolis walivyojaa barabarani wakilia na kucheza nyimbo zake usiku kucha, nilianza kukujibu mara mbili na mara zote nikaishia njiani, maana kila sentensi ilinirudisha kwenye sebule ya Mama Asha, nami sikuwa na moyo wa kuingia humo peke yangu. Naomba unisamehe.

Wiki iliyopita paa la stoo lilivuja, na tulipotoa masanduku nje kuyaanika, ndani ya moja nikakuta kanda ya video yenye mwandiko wako wa wino wa kijani: “Prince na vikaragosi. USIFUTE.” Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaishika kama mtu aliyeshika barua ya marehemu, na tangu hapo *Muppets Tonight*, kile kipindi cha televisheni cha vikaragosi, haijanitoka kichwani.

Unaukumbuka mwanzo wake? Ilikuwa Ijumaa, tarehe 8 Machi 1996, theluji ya huko Minneapolis bado imelala barazani, nasi tumetoka kuosha vyombo mikono ikiwa imechakaa kwa sabuni. Tulifungua ABC, stesheni ya huko Marekani, tukiitarajia *The Muppet Show* ileile, iliyodumu kuanzia 1976 hadi 1981 na kufikisha vipindi 120. Tukakuta kituo cha televisheni cha kubuni kiitwacho KMUP, mgeni wa kwanza ni Michelle Pfeiffer, na mtangazaji ni kikaragosi Clifford mwenye rasta na miwani myeusi, huku Kermit, yule chura mtangazaji wa zamani, akisimamia mambo nyuma ya pazia. Wewe ulinung’unika wiki mbili nzima kwamba chura amenyang’anywa kiti chake. Wale wazee wawili waliozoea kuzomea kutoka roshani ya ukumbi, sasa walikuwa wamewekwa katika nyumba ya kutunzia wazee, wakizomea televisheni. Mama Asha hakucheka hata kidogo alipowaona. Alisema wazee hawawekwi hivyo, akaenda kutuletea chai.

Lakini aliyetuteka ni Pepe. Aliletwa kama kiumbe wa pembeni tu, mwendesha lifti pamoja na tembo aitwaye Seymour, mnyama mkubwa kupita wote na mdogo kuliko wote wamebanana katika chumba kimoja. Tembo alitoweka baada ya vipindi vichache, lakini yule mdogo, mwenye lafudhi yake ya Kihispania na “okei” yake mwishoni mwa kila sentensi, hakuondoka tena. Ulipolisikia jina lake uliniambia kwamba kwa bibi yako pepe ni punje ya mpunga isiyo na kitu ndani, basi huyo hatadumu. Nami nikakujibu: msikilize kwanza. Kila walipomwita uduvi alisimama wima na kusahihisha kwamba yeye si uduvi, yeye ni kamba, tena kamba mfalme. Salim, siku ile msimamizi wetu alipokosea jina lako kwa mara ya tano, ukavua aproni ukamtamkia silabi moja moja, nilijua umelitoa wapi. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia kuwa kile kilikuwa kipindi cha watoto.

Na bado walikiondoa. ABC walikiacha mwaka uleule, Disney Channel wakakichukua na kukimalizia Februari 1998, jumla yake vipindi 22 tu. Ninaamini hadi leo kwamba hakikupewa nafasi ya kukua: wahusika wapya huhitaji muda wa kuzoeleka, na Pepe mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuchanua. Ushahidi wangu ni kwamba mwaka 1999 alikuwa ndani ya filamu yao ya sinema, na mpaka sasa yuko nao.

Sisi hatukuwa na televisheni ya kebo ya kuipata Disney Channel, kwa hiyo Prince alipowatembelea vikaragosi Septemba 1997 tulimtegemea Mama Asha, na wewe ukaipanga deki yake saa nzima kabla. Wakati ule Prince alikuwa amelitupa jina lake na kutumia alama isiyotamkika. Alipoimba “Starfish and Coffee”, wimbo wake wa 1987 kuhusu msichana wa shule ambaye kifungua kinywa chake hakifanani na cha wenzake, aliuimba katikati ya vikaragosi bila kujishusha wala kujipandisha, uso wake ukiwa na furaha ya mtoto. Mama Asha aliuliza, “Huyu ndiye wa mji huu?” Ukajibu, “Ndiye,” kwa fahari ya mtu anayemtaja mjomba wake.

Sasa nina shida. Deki niliyoazima kwa Fundi Jumbe haiisomi kanda hii vizuri, kwa kuwa ilirekodiwa kwa mfumo wa NTSC wa huko na mashine za huku zilitengenezwa kwa PAL. Picha zinapanda na kushuka bila rangi, na sauti inakuja kama ya mtu aliye chini ya maji. Ukungu nao umeanza kuonekana ukingoni. Nimeifunga kwa kitambaa kikavu nikamkabidhi Zuhura, ambaye atafika huko Januari.

Je, wapo bado mafundi wanaohamisha kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta? Kanda nyingine mbili zilibaki kwako au kwa Mama Asha? Na Mama Asha mwenyewe, yuko na nani siku hizi, na bado anaweza kukaa sebuleni akatazama? Kama anaweza, ungekubali kumwonyesha yeye kwanza, kabla hujaniletea mimi nakala?

Nduguyo akupendaye,
Hamisi