Darajani Shuka Ukokote

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ukiisoma hii tumeshaonana darajani, na najua sikusema lolote zaidi ya "shika hii" na "haya nenda, utachelewa". Umejiuliza baba amepatwa na nini hata asimame juu ya Daraja la Nyali alfajiri yote ile, mvua yamnyea, na kila siku hupita pale ndani ya matatu akisinzia. Sikupatwa na kitu. Kwa mdomo ningefoka, nawe ukifokewa hunyamaza, na ukinyamaza mimi ndiyo huzidi. Basi naandika. Ni saa nane usiku, niko getini, kwenye karatasi nilizochana katikati ya daftari la magari (bosi asijue), na mvua yapiga bati la kibanda hata redio siisikii.

Neno langu ni moja. Upepo ukivuma, darajani shuka ukokote baiskeli.

Jana asubuhi nilikuona. Wewe hukuniona. Nilikaa dirishani upande wa dereva, matatu yaenda polepole kwa ajili ya mvua, na ng'ambo ya pili, upande wa kuingilia mjini, nikaona koti la mvua la manjano limetuna kama tanga. Nikasema moyoni, huyu ni nani mwenye wazimu huu. Kisha nikaiona ile kamba nyekundu ya keria niliyoifunga kwa mkono wangu. Lori la mchanga likaja nyuma yako, likakupita karibu, nikaona baiskeli yako yalifuata lori. Hukukata kona wewe. Ulivutwa.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize kabla hujaniambia kwamba wewe si mtoto. Najua si mtoto. Mtu anayeshinda akijaza makaratasi ya forodha kwenye kompyuta, mizigo ya mamilioni, na wenye magari makubwa wanamngoja yeye atie muhuri, huyo si mtoto, na mimi mlinzi wa geti sina la kumfundisha mezani pake. La upepo ninalo.

Huu ni mwezi wa tano, kusi imeshaingia. Kusi yatoka baharini. Asubuhi ukija mjini bahari iko mkono wako wa kushoto, nawe waenda ukingoni kushoto kama sheria itakavyo. Basi upepo wakupiga ubavu wa kushoto, na wakusukuma wapi? Kulia, kwenye magari. Gari kubwa nalo likikupita, kwanza hewa ya usoni mwake hukusukuma nje, kisha mwili wake ukipita hukuvuta ndani, kuelekea magurudumu ya nyuma. Kusi yakusukuma, lori lakuvuta, wote wawili upande mmoja. Mtu aliyezoea barabara kavu hujiegemeza kuushinda upepo, na upepo ukikatika ghafla huanguka mwenyewe bila kuguswa. Jioni ukirudi mambo hugeuka, kusi yakubana ukingoni, utakwaruzwa bega, utashukuru. Kwa hivyo shida yangu ni ya asubuhi. Jioni fanya utakavyo. Ingawa jioni ndiyo kusi huwa na nguvu zaidi. La, hapana, jioni pia shuka.

Utasema tangu Januari wavuka na hujaanguka hata mara moja. Januari ilikuwa kaskazi, mama! Kaskazi ilikuwa ikikusukuma mgongoni hadi mlangoni pa ofisi, ukadhani ni miguu yako. Mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea.

Na daraja lenyewe halifiki hata mita 400. Kulikokotea baiskeli ni dakika tano, sita ukienda kwa madaha, na njia ya miguu ipo pale pale. Babu yako alikuwa akivuka lile la zamani, la 1931, lililoelea juu ya maboya, na alikuwa akishuka, kila siku, kiangazi na masika, mzigo uwepo usiwepo. Sikumsikia akilalamika kuchelewa. Hili la zege la 1980 lilipokuja mimi nilikuwa kijana mwenye magoti mazima, nikaona kushuka ni ushamba.

Lile kovu la kidevuni. Mamako huwaambia wageni ni matatu iliyonigonga. Husema hivyo kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Hakukuwa na matatu. Kulikuwa na mwavuli mkono mmoja na madafu arubaini kwenye keria. Usimwambie.

Ndani ya bahasha umekuta raba nne. Ni za breki. Nimezinunua Mwembe Tayari, nikazibonyeza moja moja kwa kucha mpaka muuzaji akaudhika, si zile ngumu zinazolia kama paka. Zilizoko kwenye baiskeli yako zimekwisha, upande wa nyuma karibu chuma kwa chuma. Nililijua hilo tangu Ramadhani. Nikasema mshahara ukitoka. Ukatoka, ukatoka tena. Spana namba kumi iko kwenye kopo la misumari chini ya kitanda. Ukifunga, hakikisha raba yaiuma rimu peke yake, isiguse tairi, maana itaila hadi uzi. Ukishindwa ningoje Jumapili, lakini hushindwi, pancha waziba upesi kuliko yule fundi wa Kongowea anayejisifu.

Rimu ikilowa, breki haishiki kwa mbano wa kwanza. Anza mapema, bonyeza kidogo kidogo, raba ifute maji, ndipo ubane. Ukingoja mpaka umfikie mtu, utampita naye akikutazama. Na mvua mbaya si ile kubwa. Mbaya ni ya mwanzo, ile rasharasha baada ya siku mbili kavu, wakati mafuta yaliyodondoka vituoni yanapoelea juu ya lami. Mvua kubwa huyaosha. Rangi nyeupe ya kivuko nayo ni sabuni tupu ikilowa, ipite wima, usikunje usukani juu yake. Pale sokoni Kongowea utakuta majani ya kabeji na matope, na dimbwi ambalo jana halikuwepo. Usilikate kati. Mfuniko wa mtaro ukiibwa watu wema huweka tawi la mti, lakini maji yakijaa hata hilo tawi huoni. Tairi usizijaze hadi ziwe jiwe, punguza pumzi kidogo zishike chini.

Halafu wapita Kengeleni kila siku, mahali penye jina la kengele, na wewe kwenye baiskeli huna kengele! Nimecheka peke yangu hapa getini. Nitakutafutia.

Cheni ipake mafuta kila baada ya mvua. Chumvi ya hewa yetu yala chuma hata kikiwa kimelala ndani, seuze kilicholowa. Tumia yale mafuta ya cherehani ya mamako, kidogo, na ufute yanayobaki, usije ukayatia kwenye rimu, kazi yote ya raba ikawa bure. Nguo za kazini zitie kwenye ule mfuko mzito wa ndani wa gunia la sukari, uukunje mdomo mara mbili. Mifuko ya nailoni ya dukani walipiga marufuku 2017, na hata ilipokuwepo haikuwa ikizuia kitu. Viatu vyako viache ofisini, njiani vaa ndara za kamba. Hayo wayajua. Naandika tu ili mkono usisinzie.

Darajani shuka ukokote.

Najua utakalosema: baba, basi nipe nauli. Una haki. Makanga nao mvua ikitanda hupandisha bei kabla tone halijafika chini, na mwezi wa mvua kama huu mshahara wako ungeishia mifukoni mwao. La mkopo wa tuktuk sitalirudia, tulishalisema likaisha. Ami yako aahidi kulipa. Kama halipi, saini ni yangu, si yako, na nilipokuambia mwezi wa pili kwamba "tutasaidiana" nilipaswa kusema maneno mengine.

Mamako haipendi baiskeli, hilo halina siri. Asema msichana mzima, buibui limepandishwa, koti juu, watu watasemaje. Mimi ndiye niliyekufundisha, na nilikufundisha nikidhani ukivunja ungo utaacha mwenyewe. Hukuacha. Sasa wa kulaumiwa ni mimi, na nalaumiwa kila siku kwenye chai. Usimvunje moyo lakini. Yeye pia huamka saa kumi na nusu akukaangie, na ukitoka husimama mlangoni mpaka taa yako ya nyuma ipotee. Ile taa, betri zake? Angalia. Mvua ikishika, mwenye gari huona mwangaza, haoni mtu. Ukivaa buibui, pindo libane kwa pini mbili upande wa cheni. Jana ulilipandisha vizuri, nililitazama hilo pia.

Watu ndani ya matatu walikutazama. Mmoja alisema huyu anatafuta kufa. Kondakta akacheka, akauliza, jamani huyu binti wa nani? Aliniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimejigeuza kabisa shingo. Nikatazama maji.

Hata sikuyatazama, yalikuwa na ukungu. Nilishuka kituo cha kwanza baada ya daraja, si kituo changu, nikatembea hadi nyumbani. Mamako aliniuliza mbona umelowa, nikamwambia matatu imeharibika. Haya ndiyo maisha ya mamako na matatu zangu.

Mambo ya nyumbani. Bati la juu ya kitanda cha nyanya limefungua msumari tena, maji yadondokea upande wa miguu. Nimeweka ile ndoo ya bluu. Usiitoe kwenda kufulia, hata kama imejaa yamwage uirudishe, jana nilikuta kitanda kimehamishwa na ndoo iko uani. Lami ya kuzibia nimeiulizia bei, si kitu kikubwa, nitapanda Jumapili mvua ikikatika. Dawa ya presha ya nyanya imebaki ya siku nne. Wewe wapita njia ya zahanati, mimi nikitoka zamu wao hawajafungua, basi pita Ijumaa, kadi yake iko ndani ya msahafu wa juu, si wa chini. Tokeni ya stima niliweka ya mia mbili, imekwenda upesi, nashuku nduguyo yuachaji simu za rafiki zake kwa malipo. Mwulize wewe, akiniona mimi hukimbia. Na mwambie kitabu cha hesabu alichosema kimepotea nimekiona juu ya kabati la jirani.

Mbaazi za jana ziko kwenye sufuria ndogo, zimewekewa tui zito. Usiziache zikalala tena, joto hili la mvua huchachusha kila kitu. Mahamri yameisha, nilikula mimi.

Kama bosi wako akiuliza kwa nini umechelewa dakika sita, mwambie ni daraja. Hapana haja ya kueleza. Au ondoka dakika sita mapema, lakini hilo sisemi, tayari watoka gizani.

Karibu saa kumi na moja. Mvua imepungua, upepo haujapungua, ile mikoko ya ukutani kwa jirani yalala upande mmoja kama watu wanaosali. Mwenzangu wa zamu ya mchana akifika sitangoja chai. Nitasimama njia ya miguu, upande wa bahari, karibu na katikati, pale ulipovutwa. Barua nimeitia ndani ya mfuko wa karatasi, karatasi ndani ya kipande cha turubai, bahasha haitalowa.

Nikikukuta umeshashuka mwenyewe wakokota, barua sikupi. Nitakupa raba peke yake, nikuulize umelala vipi, twende zetu. Kwa hivyo kama waisoma, wajua nilikukuta juu ya kiti.

Wako babako