Usinunue Ile Orodha

Kampala

Ndugu yangu Zaituni,

Salaam nyingi kwako na kwa watoto. Nimefurahi kusikia nyumba yako ya wageni hapo Jinja imeanza kujaa wikendi. Ila hilo la kijana anayekuuzia orodha ya baruapepe za watu ili uwatumie matangazo limenikosesha raha. Tafadhali usiinunue.

Sheria ya Uganda ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inakataza kuuza data binafsi za watu. Faini yake hufika shilingi 4,900,000, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote pamoja. Muuzaji ni yeye, sawa, lakini watu hao wakikuuliza umepata wapi anwani zao, utawajibu nini?

Unasema basi utatumia kitabu cha wageni. Hapo pia ngoja kidogo. Mgeni huijaza ile safu ya baruapepe akiwa amesimama mapokezi, begi begani, anasubiri ufunguo. Ameandika apate chumba, hakuomba matangazo ya Krismasi. Ridhaa sheria inayoitaka ni ya hiari, ya jambo mahususi, mtu anajua anachokubali na anaonyesha waziwazi kwamba amekubali. Kwa hiyo chapisha karatasi yenye mstari mmoja tu: “Naomba nitumiwe habari za ofa zenu kwa baruapepe,” na kando yake kisanduku kitupu. Alama aitie mgeni mwenyewe, na tarehe. Karatasi hizo zitunze vizuri, ndizo ushahidi wako.

Mtu akikuandikia kwamba hataki tena, una siku 14 za kumjibu kwa maandishi. Mimi ningemtoa siku hiyohiyo. Mama yangu hushtuka usiku simu ikilia, akidhani ni habari ya msiba, kumbe ni tangazo la mkopo ambao hakuuomba kwa yeyote. Sitaki wageni wako wakuone hivyo.

Kuhusu kampuni za utalii unazotaka kuziandikia: sheria yetu humlinda mtu. Anwani ya jumla ya ofisi haimtaji mtu, lakini yenye jina la meneja ni data yake, hata kama ni ya kazini. Na kwa kuwa unao wageni wa Uingereza, ujue kwamba kule kampuni unaweza kuiandikia bila ridhaa, mradi ujitambulishe na utoe njia ya kujiondoa, bali mfanyabiashara anayejitegemea huhesabiwa kama mtu binafsi.

Jambo jingine, kama hujasajili biashara yako katika Ofisi ya Kulinda Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, lishughulikie kabla ya msimu kuanza.

Nitumie maneno ya hiyo karatasi kabla hujaipeleka kwa mchapaji, niyapitie.

Wako,
Mariam