Kumbukumbu haisomwi tu, inapimwa

Nairobi,
Jumapili jioni

Rafiki yangu Wanjiru,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia umepata kitabu cha utangulizi wa saikolojia ya utambuzi (inayochunguza jinsi akili inavyofikiri na kukumbuka) pale mtaa wa Tom Mboya, hata kama ni cha mitumba. Kwanza kabisa, tazama mwaka wa kuchapishwa. Kama ni kabla ya 2000, mfano wa kumbukumbu ya kazi (ile inayoshika habari kwa muda mfupi wakati akili inazitumia) wa wanasaikolojia Baddeley na Hitch (1974) utaukuta na sehemu tatu tu: kitanzi cha sauti, kinachoshika maneno kwa kuyarudia kimoyomoyo; ubao wa picha na nafasi; na msimamizi mkuu, anayeelekeza umakini. Sehemu ya nne, inayounganisha habari za sehemu hizo na kumbukumbu ya muda mrefu, Baddeley aliiongeza mwaka 2000. Tena kitabu cha zamani kitakuambia tunashika vitu saba, viwili zaidi au pungufu, kama alivyoandika George Miller mwaka 1956. Nelson Cowan aliishusha hesabu hiyo hadi vinne hivi mwaka 2001, kwa hali ambazo mtu hapati nafasi ya kukariri wala kuunganisha vitu. Kwenye mtihani taja yote mawili, na uandike "vifungu", yaani vitu vilivyounganishwa akilini vikawa kimoja, si "tarakimu", maana 0722, mwanzo wa namba ya simu, kwa Mkenya ni kifungu kimoja.

Unasema sura ya kumbukumbu umeisoma mara tatu na haikai. Haitakaa kwa kusomwa. Ipime.

Anza na kitanzi cha sauti. Andika kwenye kadi mistari ya tarakimu zisizo na mpangilio, kuanzia tarakimu 4 hadi 9, mistari mitatu kwa kila urefu. Mwenzako akusomee kwa Kiswahili, tarakimu moja kila sekunde, macho yake yakiwa kwenye saa ya simu. Akimaliza ndipo ushike kalamu. Ukikosea mistari miwili kati ya mitatu, simama. Urefu uliotangulia ndio uwezo wako. Kisha rudia kwa mistari mingine, safari hii kwa Kiingereza.

Hapo ndipo utamu ulipo. Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba mtu hushika takriban maneno anayoweza kuyatamka kwa sekunde 2. Sasa hesabu silabi zetu: moja, mbili, tatu, hadi tisa, zote mbilimbili (hata nne, n-ne), na sifuri ina tatu. Za Kiingereza karibu zote zina silabi moja. Nadharia inatabiri kwamba kwa Kiswahili utashika chache. Ellis na Hennelly waliliona jambo la namna hii mwaka 1980 kwa watu wanaozungumza Kiingereza na lugha ya Wales, ambayo tarakimu zake huchukua muda mrefu zaidi kutamka. Sikiliza pia watu wa Nairobi wakitajiana namba ya simu: mazungumzo ni Kiswahili, namba inatoka kwa Kiingereza.

Lakini usikimbilie hitimisho. Hesabu tulifundishwa shuleni kwa Kiingereza, kwa hiyo huenda tofauti inatokana na mazoea tu. Ili utenganishe hayo mawili, rudia zoezi kwa kila lugha ukitazama kadi, tarakimu zikiwa zimeandikwa kwa maneno, badala ya kusomewa, huku ukitamka "la, la, la" bila kukoma. Kitanzi kikiwa kimeshughulishwa hivyo, pengo la lugha linapaswa kutoweka. Likibaki, basi urefu wa maneno si sababu pekee. Na mwenzako asizisome mbilimbili kama wimbo, "nne-saba, mbili-tisa". Akifanya hivyo amekuundia vifungu, na matokeo yameharibika.

Jaribio la Peterson na Peterson (1959) huwachanganya wanafunzi wengi. Mtu anapewa konsonanti tatu, halafu anahesabu kurudi nyuma kwa tatutatu, 487, 484, 481, na baada ya sekunde 18 anakumbuka chini ya asilimia 10. Ukimjaribu rafiki mara moja tu, atazikumbuka vizuri, nawe utadhani kitabu kimedanganya. Hakijadanganya. Keppel na Underwood walionyesha mwaka 1962 kwamba katika raundi ya kwanza ya jaribio karibu hakuna kusahau. Herufi za raundi zilizotangulia ndizo zinazoingilia zinazofuata. Kwa hiyo fanya angalau raundi sita. Herufi usichague KBC (shirika la utangazaji) wala KRA (mamlaka ya mapato), hayo kwetu ni maneno kamili.

Kuhusu kusoma kwenyewe: ukimaliza kila sehemu funga kitabu, andika kwa dakika tano unachokumbuka kwenye karatasi tupu, kisha fungua usahihishe kwa wino mwingine. Roediger na Karpicke (2006) walilinganisha kujipima hivyo na kurudia kusoma. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Ndiyo maana usiku unahisi umeelewa na wiki ikiisha hakuna kitu.

Kadi za tarakimu usizitupe, tutazihitaji ukifika sura ya umakini. Niandikie ulishika ngapi kwa kila lugha, na ngapi ulipokuwa ukisema "la, la, la".

Wako,
Otieno