LOS nyekundu, fuata uzi kwanza

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niwasemee watu wanaotozwa pesa kwa sababu ya taa moja ndogo.

Wiki iliyopita mama jirani, mwenye duka la fotokopi hapa Katuba, aliniita. Intaneti yake ya faiba ilikuwa imekatika siku mbili. Fundi alikuja, akaona taa nyekundu inawaka na kuzima, akasema kisanduku cha kupokelea intaneti kimeungua na kipya ni dola 60. Mama alikuwa ameshaanza kuzikusanya. "Papa, wewe ulifanya kazi ya simu," akaniambia, "niangalilie kwanza."

Nikainama kusoma herufi zilizo chini ya ile taa: LOS. Kwenye visanduku vingi vya faiba, herufi hizo zinamaanisha kwamba mwanga unaotoka kituo cha kampuni kupitia uzi wa faiba haufiki, au unafika hafifu mno. Kisanduku kinachoweza kulalamika hivyo bado kina uhai. Kipokezi chake kinaweza kufa, ndiyo, ila hilo huchunguzwa baada ya uzi. Nikaufuata uzi kwa vidole mpaka nyuma ya mashine ya fotokopi. Mguu wa mashine ulikuwa umeubana ukutani, umepinda kama ndoana. Uzi wa kioo ukipinda hivyo, mwanga huvujia njiani. Tukaisogeza mashine, nikaunyoosha polepole. Nyekundu ikazimika. Taa ya PON, ile ya muunganisho na kituo, ikawa inawaka na kuzima, kisanduku kikijiandikisha kituoni, kisha ikatulia na kijani chake. Mama alipiga kigelegele mpaka wateja wakaingia kuuliza kuna nini.

Ncha ya uzi sikuichungulia, na mtu yeyote asithubutu: mwanga ule jicho haliuoni, lakini unaweza kuliumiza.

Taa hizi nilizizoea katika zamu za usiku kwenye chumba cha mitambo. Laini zetu zilikuwa za E1, aina ya laini ya kidijitali ya kubeba simu nyingi, kila moja kilobiti 2,048 kwa sekunde, mazungumzo 30 kwa pamoja, yenye waya wa kutuma na waya wa kupokea. Nyekundu ilisema: huku kwangu sisikii. Njano ilisema jambo jingine kabisa: mwenzako wa upande wa pili anakujulisha kwamba yeye ndiye hakusikii. Usiku mmoja njano iliwaka, tukahangaika kwa muda wa saa tatu na waya wa kupokea, nao ulikuwa mzima. Wa kutuma ndio uliokuwa umelegea kwenye kichwa chake cha kuchomekea. Nikausukuma kwa kidole gumba, laini ikarudi.

Nawaomba wenye kampuni watie karatasi ya Kiswahili katika kila boksi, kwa maana taa za aina moja si za aina nyingine, na karatasi nilizoziona mimi ni za Kifaransa na Kiingereza. Waeleze pia kwamba umeme ukirudi baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, kisanduku huchukua dakika chache kuamka, kisichomolewe kila mara. Na vijana mafundi, nawasihi, someni herufi kabla ya kutaja bei. Dola 60 ni karo ya mtoto.

Mama wa fotokopi nimemwandikia kwa kalamu nyeusi kwenye kipande cha katoni: "LOS nyekundu, fuata uzi kwanza." Amekibandika juu ya kisanduku, na wateja wawili wameshaomba wanakili.

Mstaafu wa mitambo ya simu,
Katuba, Lubumbashi