Barua kwa Nafula

Kisumu

Mpendwa Nafula,

Natumaini hamjambo huko Nakuru. Barua yako nimeipata. Unauliza kwa nini usingizi hukukataa hadi shemeji afike nyumbani, ilhali hajawahi kuonja pombe tangu mfunge ndoa, na kwa nini akipaza sauti, hata kama anashangilia mpira tu, wewe hunyamaza hadi kesho yake, naye akabaki akijiuliza amekosa nini.

Sidhani kwamba humpendi. Baba yako alipokuwa akirudi kutoka kwenye chang'aa, wewe ndiye uliyetambua kwa mwendo wake, kabla hajagusa mlango, kama usiku ule ungekuwa wa nyimbo au wa kipigo, ukawahi kuwatorosha wadogo zako kwa jirani. Ujuzi huo uliwaokoa. Lakini mtu aliyelelewa akisikiliza hatari haachi kusikiliza kwa sababu tu amehamia nyumba yenye amani, na sasa shemeji anapimwa kwa makosa ya mtu mwingine. Kwetu mlevi alikuwa mjomba, na mimi nilitoka na ugonjwa tofauti: kumlipia madeni kila mwanamume aliyenililia.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka wa 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti kuhusu maelfu ya watu wazima wa California, ambao waliulizwa, miongoni mwa mengine, kama utotoni waliishi na mlevi au mtumiaji wa dawa za kulevya. Kadiri mtu alivyokuwa amepitia dhiki nyingi za namna hiyo, ndivyo uwezekano wa kukumbwa na ulevi na sonona ukubwani ulivyoongezeka.

Shangazi yako anasema ya nyumbani yasitoke nje, mimi nampinga. Mweleze shemeji, siku ambayo hamjakosana, ukimya huo umetoka wapi, kwa sababu asipoambiwa ataudhania dharau. Mwombe pia apige simu akichelewa. Mshauri nasaha atakufaa, awe wa hospitali au wa kanisa, ila huyo wa kanisa asikuharakishe kumsamehe baba.

Mwezi ujao nitapitia Nakuru nikielekea Nairobi. Ukipenda tuzungumze kwanza kabla hujakaa na shemeji, niandikie, nami nitalala kwenu.

Rafiki yako,
Achieng